Barua Imefika Horohoro Kabla ya Ami Yangu

Leo nimeadhirika, jamani, na sina hata nguvu ya kulipamba jambo lenyewe.

Mnajua nafanya kazi kwenye kampuni ya kusafirisha mizigo hapa Tanga. Tuna kompyuta kuu, kuukuu, kubwa kama kabati la nguo, na mimi ndiye ninayeshughulikia programu inayopeleka mafaili kutoka humo hadi kwenye matawi. Leo asubuhi nilikuwa natoa toleo jipya. Wiki tatu sijalala vizuri. (Hata ndotoni nilikuwa nakagua mafaili.)

Hofu yangu ilikuwa moja: faili lisije likapotea njiani. Kwa hiyo nikaipa programu amri: tawi lisipojibu "nimepata", tuma tena. Na tena. Mpaka lijibu. Nilijiona mtu makini sana.

Sasa, jambo la pili. Nataka kumposa Zuhura wa Ngamiani. Baba yake ni Mzee Bakari, mkuu wa tawi letu la Horohoro, kule mpakani. Mzee alikuwa hajui lolote, na ndivyo inavyotakiwa, maana barua ya posa hupelekwa na wazee, imefungwa kwenye leso, mwenye kuposa akiwa amejificha kwao. Ami yangu ndiye angeipeleka Ijumaa. Mimi nilijitolea kuiandika tu. Nikaiandika mara tisa, kwenye kompyuta ya kazini, na ili wenzangu wasiifungue nikaipa jina linalochosha kuliko yote: JARIBIO.

Saa nne nikabonyeza. Programu, kama nilivyoifundisha mwenyewe ianze na faili la majaribio, ikatafuta lenye jina JARIBIO, ikalipeleka kwenye tawi la kwanza katika orodha. Horohoro. Kule kila faili linaloingia hujichapa lenyewe, maana madereva wa malori hawaondoki bila karatasi.

Skrini ikaandika: LIMETUMWA. Nikashusha pumzi. Nikaenda kunywa chai. (Chai! Na mandazi mawili!)

Niliporudi, bosi wangu, Dada Mwanahawa, alikuwa ameweka simu mezani, spika imewashwa, ofisi nzima inasikia.

"Mwanahawa, zimeni hicho kitu chenu," Mzee Bakari alikuwa anasema. "Mashine inanitapikia barua. Binti yangu anaposwa hapa kwa mara ya kumi na saba."

Ndipo nikakumbuka: Horohoro bado walikuwa na toleo la zamani. Toleo la zamani halijui kujibu "nimepata".

"Barua ya nani, Mzee?" Dada Mwanahawa akauliza, macho kwangu.

"Ya huyo kijana wako mwembamba. Na ameacha mawazo yake yote kwenye mabano. Nikusomee?"

"Soma, Mzee." (Dada! Nimekukosea nini?)

"'Neno unyenyekevu limekuja mara nne, atadhani tuna njaa.' Halafu hapa: 'Bahasha nyeupe au ya kaki? Nimuulize Ami.' Na huku chini: 'Hivi mzee huyu huwa anacheka?'"

Hata mtu wa stoo alikuwa ameshafika mlangoni. Nikaizima programu. Kwenye simu tukaisikia mashine ya Horohoro ikimalizia nakala ya mwisho, polepole, mstari kwa mstari, mpaka saini.

"Yupo hapo?" Mzee akauliza.

"Shikamoo, Mzee." Sauti ilinitoka kama ya kifaranga.

"Marahaba. Mtoto wa watu haposwi kwa mashine, wewe. Madereva watatu wameshaisoma. Mmoja ananiambia nikubali."

"Naam, Mzee."

"Hizi zote nazichana. Sikupata kitu, umesikia? Ijumaa baada ya swala nitakuwa nyumbani Ngamiani. Mwambie ami yako aje na leso yake, kama watu." Karatasi zikasikika zikichanwa. "Bahasha nyeupe. Na sicheki."

Akakata.

Nimerudisha toleo la zamani. Nimechoka kama niliyeibeba ile kompyuta kuu mgongoni. Dada Mwanahawa anaapa kwamba kabla simu haijakatika alisikia mtu anacheka, ila huenda ni dereva. Basi nanyi, tafadhali, mfuateni Mzee. Msicheke. Angalau mpaka Ijumaa.