Vita vya Ridhwani na Kijitundu cha Giaboksi

Sikizeni, enyi wa mtaa wa Katoyi na wa ng'ambo ya Katoyi! Tueni madumu yenu ya maji, zimeni redio zinazotaja waasi wapya kila asubuhi. Kwani waasi watakuja na kuondoka kama walivyozoea, bali kisa cha Ridhwani, simba wa usukani, mshika gia asiyetetereka, mkikikosa leo mtakuja kukisikia kwa watu wasiojua kusimulia.

Ikawa, mwaka ule wa elfu mbili na ishirini na moja, volkano ilipotapika moto na vumbi jeusi likatanda mjini Goma, wenye akili wakaokoa watoto na magodoro. Ridhwani akaokoa pikapu. Kila tundu aliloliona chini ya gari aliliziba vumbi lisipenye, na juu ya giaboksi, lile sanduku la gia, penye kijibomba kidogo kilichoelekea angani, akachonga kijiti akakipigilia kwa nyundo. Lo, hodari huyo! Kwamba waliounda gari huenda walikitoboa kijibomba kile kwa sababu fulani, hilo halikumsumbua kichwa.

Basi siku mji ulipoamriwa kuhama, njia ya kwenda mji wa Sake ikafurika watu, na shujaa wetu akawa katikati yao, ubavuni mkewe Asumini mwenye mimba iliyotimia, na mlangoni mama mkwe wake, Mama Fatouma. Karibu na ziwa dogo la Lac Vert, baada ya kutambaa kwa gia ya kwanza tangu alfajiri, giaboksi ikachemka na mafuta yake yakaanza kuchuruzika barabarani. Mipira ya kuyazuia ilikuwa mipya. Aliibadilisha juzi tu, huku akiwalaani mafundi wote wa Goma. Mafuta yakiisha, meno ya gia yatasagana, gari litakufa, na Asumini atazalia juu ya mawe ya lava kati ya mbuzi wa watu. Ridhwani aliogopa hasa.

"Mukwe!" akanguruma Mama Fatouma. "Fungula madirisha!"

"Mama, vumbi ya volkano itaingia."

"Iingie! Hewa ya humu imepata moto, inatafuta fasi ya kutokea. Ukiifungia, itatupasua!"

Ridhwani akaiwazia giaboksi yake. Kumbe na hewa ya ndani ya giaboksi ilikuwa imepata moto, imevimba, haina pa kutokea, ndiyo maana inayasukuma mafuta nje kupitia kwenye mipira! Kijitundu kile kiliwekwa ili giaboksi ipumue. Na nani alikiziba? Mafundi wote wa Goma, bila shaka.

Ikabaki kulala chali chini ya gari na kung'oa kijiti, jambo jepesi kwa mtu asiye na mama mkwe. Kwao mkwe hanyoshi miguu mbele ya mama wa mkewe, seuze kugaagaa vumbini, shati limepanda, kitovu ki wazi! Na Mama Fatouma hakuwa na pa kujificha katika umati ule.

"Mama," akahutubu Ridhwani, "dunia yote ishuhudie kama mimi sina tabia mubaya. Wazazi wangu walinifundisha heshima. Lakini leo, mbele yako..."

"Mukwe, utaongea mupaka mutoto azaliwe? Lala!"

Akajitupa. Akaungua mkono, akaungua sikio, akapigana na kijiti kwa koleo, akamtukana aliyekipigilia bila kumtaja jina, mpaka kikachomoka na hewa ikatoka kwa mluzi. Akaongeza mafuta aliyokuwa nayo chini ya kiti. Matone yakapungua, pikapu ikasonga, na jioni hiyo, katika darasa la shule moja ya Sake, Asumini akajifungua binti.

Wahamaji wakamzunguka Mama Fatouma kuulizana habari: moto umefika wapi, waasi wako wapi, gavana amelala wapi. Akawanyamazisha wote, mjukuu kifuani.

"Muache hizo habari za kidogo-kidogo," akasema. "Muandike hii: leo huyu mwanaume alilala chini mbele yangu, nikaona kitovu yake, na Goma muzima ikaona. Basi si mukwe tena. Ni mutoto wangu. Mumupe chakula, hajakula tangu asubui."