Chemchemi ya Uani kwa Mama

Jumatatu ile magofu ya mji wa kale yalifungwa kwa ukarabati, na Profesa aliipokea habari hiyo kwa shukrani. Magofu yakiwa wazi, wageni humfuata mwongozaji mwenye kitambulisho. Yakifungwa, humfuata yeyote mwenye kofia safi na sauti ya upole, na Profesa alikuwa na vyote viwili. Huo uprofesa alijitunuku mwenyewe, baada ya kuacha shule mara mbili.

Saa tatu asubuhi aliwakuta wazee kumi na mmoja wamesimama kando ya basi dogo nje ya geti. Viatu vyao vilikuwa na vumbi jeupe la chokaa. Profesa aliliona vumbi hilo na hakujiuliza lilitoka wapi, na tutamlaumu kwa hilo baadaye.

"Poleni sana, wazee wangu," akasema, kofia mkononi. "Mmetoka mbali, mmekuta kufuli."

"Ndiyo hivyo, mwanangu," akajibu bibi mfupi mwenye mkoba mweusi, ambaye wenzake walimwita Mwenyekiti. "Tulikuja kuona vitu vya kale, tumebaki kutazamana wenyewe."

"Basi mna bahati. Haya ya hapa ni ya juzi tu. Yapo ya zamani zaidi, ambayo serikali haijayajua."

"Kweli haijayajua?"

"Ingeyajua, ingeyatia kufuli."

Mwenyekiti akafungua mkoba, akalipia kila mtu bila kuomba kupunguziwa. Profesa alisikitika kwamba hakutaja bei kubwa zaidi.

Alianza na nyayo za jitu, yaani mashimo mawili yaliyoachwa na nguzo za bango la sabuni. Kisha akawapeleka kwenye hamamu ya malkia. Kwa sisi tusio wataalamu, hicho kilikuwa choo cha marehemu babu yake, kilichobomoka wakati wa mvua. Profesa aliwaomba wavue kofia kwa heshima, nao wakavua.

"Malkia alikuwa anaoga peke yake?" akauliza mzee mmoja aliyefunga suruali kwa mikanda ya mabegani.

"Na wajakazi saba."

"Mbona hapatoshi?"

"Walikuwa wembamba."

Mzee wa mikanda akaridhika. Msafara ukaendelea hadi kwenye ajabu kuu, Chemchemi Isiyokauka, iliyokuwa uani kwa mama yake Profesa. Maji yalichuruzika katikati ya mawe yaliyoota kuvu, yakaingia kwenye kidimbwi kisafi. Hapa tuseme ukweli. Miaka sita nyuma, Profesa alitoboa bomba kuu la mji linalopita nyuma ya ua huo, kwa sababu mgongo wa mama yake ulikuwa umegoma kubeba ndoo. Kati ya ulaghai wake wote, huo pekee aliufanya kwa upendo. Mama hakuelezwa maji yanatoka wapi, naye hakuuliza.

"Inatiririka tangu enzi za mababu," akasema Profesa. "Hata kiangazi."

Mzee wa mikanda akachovya kidole, akakilamba, akafikiri.

"Yametiwa dawa," akasema.

"Ni madini, mzee wangu."

"Ni dawa. Na msukumo huu ni wa bomba."

Mwenyekiti akafunga mkoba wake taratibu.

"Mwanangu, hatukukuambia tulikostaafia. Ni Idara ya Maji. Huyu mzee kazi yake ilikuwa kukata maji."

Wazee wote wakatikisa vichwa kwa huzuni ya kitaaluma. Profesa akageuka, akamwona mama yake mlangoni ameinamia beseni la nguo, mkono mmoja kiunoni. Kukamatwa alishazoea. Alichoogopa ni zile ndoo, na aliogopa kweli.

"Nikate?" akauliza mzee wa mikanda.

"Umestaafu," Mwenyekiti akamkumbusha. "Sisi tunaweza kupiga simu tu."

"Mama yangu hajui kitu," akasema Profesa. "Nishtakini mimi. Maji muyaache."

Aliyasema bila ile sauti ya upole, na yeye mwenyewe akashangaa. Mwenyekiti akaufungua tena mkoba wake.

"Sisi ni watu wazima," akasema. "Tunasahau upesi, tukisaidiwa."

Profesa akawasaidia. Alirudisha kiingilio, akaongeza pato la mwezi mzima lililokuwa limefichwa ndani ya kofia, na usahaulifu ulipoonekana bado haujakamilika, akavua saa yake ya mkononi.

"Sasa tuoneshe ajabu la kweli," akasema Mwenyekiti. "Hawa wenzangu watakwenda nawe. Mimi magoti hayaniruhusu, nitakaa na mama yako."

Profesa akapanda mlima mpaka kwenye maporomoko ya maji, amebeba vikapu vinne vya wazee na, penye mteremko mkali, mzee wa mikanda. Kwa miaka tisa alikuwa akiwasimulia wageni maporomoko yale bila kuyaona. Alipofika, mto mzima ulikuwa ukijitupa kutoka mwambani, na upinde wa mvua ukikaa ndani ya manyunyu. Hakupata uongo wa kuongezea. Alisimama analowa, akafurahi, na ikamuudhi kwamba anafurahi.

Alasiri basi liliondoka. Profesa alikuwa akipita getini kwenye magofu pale mlinzi alipomwita.

"Umewaona wale wastaafu wa Idara ya Mambo ya Kale? Watu wa heshima sana. Asubuhi niliwafungulia bure wakague ukarabati. Wakanywa na chai yangu yote."

"Wale ni wa Idara ya Maji," akasema Profesa.

Hapo ndipo Profesa alipolikumbuka vumbi la chokaa, akashika njia ya nyumbani mbiombio.

Maji yalikuwa yanatiririka kama kawaida. Mama alikuwa amekaa kibarazani, uso umemchangamka. Banda la kuku lilikuwa wazi.

"Mama, jogoo yuko wapi?"

"Nimempa yule bibi. Unamjua ni nani, mwanangu? Ndiye mkunga aliyenizalisha nilipokuzaa wewe. Miaka yote hii sijamshukuru."

Profesa akakaa chini. Angeweza kumweleza, lakini hakuwahi kumwona mama yake na furaha ya namna ile.

"Alinikumbuka?" akauliza.

"Vizuri kabisa. Anasema siku ile, ulipotoka tu, uliing'ang'ania saa yake ya mkononi, na hakuiona tena. Leo umemrudishia mwenyewe." Mama akampapasa bega. "Nikamwambia, huyu nimemlea vizuri."