Leseni kwa Njia ya C

Jumatatu, 3 Juni

Sista Mkuu katangaza leo, mimi nikiwa nimeinama kwenye ndoo yangu. Mtihani wa leseni ya uuguzi msaidizi ni Jumatano ya wiki ijayo. Wahudumu wa wodi watakaofaulu watahamia kliniki ya watoto, zamu ya mchana. Watakaoanguka watakwenda chumba cha kufulia mashuka, zamu ya usiku. Nikauliza, na sisi wenye watoto wadogo je. Akasema wenye watoto wadogo wasome.

Nimemweleza Baba Kishindo. Naye hakukaa nalo hata nusu saa, akampigia mama yake. Mama mkwe kafurahi kupita kiasi. Kasema nikipangiwa usiku atamchukua Kishindo wakae naye kule kwake mpaka mambo yakae sawa. Naujua ukoo huu. Kwao mambo hayajawahi kukaa sawa. Na godoro dogo limeshanunuliwa.

Kishindo hajafikisha hata miaka miwili. Hapati usingizi mpaka ashike sikio langu. Kule atashika sikio la nani?

Kwa hiyo nasoma. Bi Kurasa, tunayepiga naye deki wodi moja, ana kile kitabu cha mtihani, kinene kama tofali, kakivalisha nailoni. Kanikaribisha tusome wote, nyumba zenyewe zinatazamana. Nimemshukuru, nikamwambia nina njia yangu.

Njia yangu ni maswali ya majaribio, yako kwenye simu. Kila swali lina majibu manne, na moja lazima liwe la kweli. Kitabu kina majibu mengi mno na hakikuonyeshi lipi ni lipi.

Jumanne, 4 Juni

Alama mbaya sana. Simu imeniandikia nijaribu tena, kwa lugha ya upole. Nimeona aibu mbele ya simu.

Lakini nimegundua jambo. Nikifikiri, nakosa. Nikichoka nikabonyeza C bila kusoma, napata. Nimerudia nikiwa napika, nikarudia nikiwa namwogesha mtoto, hali ni ile ile. Kufikiri ndiko kunakoniangusha.

Sheria zangu mpaka sasa: ukiwa na shaka, C. C ikiwa fupi mno, chagua jibu refu kuliko yote, maana mtu hapotezi wino kwa uongo. A usiiguse kamwe. A ni mtego. Mara nyingi A inasema nawa mikono kwanza. Nani akae ofisini atunge mtihani wa leseni, wa serikali, kuuliza watu wazima kama wananawa?

Baba Kishindo kauliza kwa nini wanaotunga wapende C. Nimemwambia yeye ni fundi wa friji, atuachie mambo ya tiba.

Alhamisi, 6 Juni

Mambo yananyooka. Maswali yameanza kujirudia na sasa nayatambua kwa sura. Mzee aliyeteleza bafuni, C. Mama mjamzito aliyevimba miguu, C. Dereva anayekohoa, D, huyo mkorofi. Leo nimekosa mawili tu, na yote ni kwa sababu Kishindo alibonyeza kwa kidole chake.

Nilikwenda kumwonyesha Bi Kurasa alama zangu. Kwa wema tu. Akazitazama, akasema haya, huyo dereva afanyiwe nini. Nikamwambia D. Akauliza D ni nini. Nikamwambia D ni D. Akanimiminia chai, akaniuliza kama ninalala vizuri.

Wivu huo. Chai nilikunywa.

Ijumaa, 7 Juni

Baba Kishindo karudi kutoka kazini analalamika tumbo. Nikamwuliza vizuri kabisa: mwanamume wa umri wake akija na maumivu ya tumbo jioni, utafanya nini kwanza, A utampima homa, B utamlaza chali, C utamwuliza amekula nini, au D utamwita daktari. Akasema E, utampakulia chakula.

Nimemwambia E haipo. Akasema basi mtihani una kasoro. Kakipakua mwenyewe.

Jumapili, 9 Juni

Mama mkwe kafika asubuhi, eti kutusalimia tu. Amekuja na begi kubwa. Begi tupu. Tumelizunguka begi lile kama mgeni wa pili.

Mchana Kishindo akaanza kutapika. Mara tumbo nalo likafunguka. Nepi hii, nepi ile. Akawa hachezi, kaniegemea tu, mdomo mkavu. Mama mkwe akasimama mlangoni, akanitazama. Akauliza si ndiyo nasomea mambo haya.

Nikatafuta kichwani. Palikuwa na mzee wa bafuni, palikuwa na dereva. Palikuwa na herufi nyingi. Nikamwambia Baba Kishindo, mwenzangu, nipe machaguo. Akasema machaguo ya nini. Nikasema manne, upesi, naomba. Namshukuru Mungu kwa mume yule, hakubisha. Akasema: A, tumpe chai ya rangi. B, tumsubiri alale. C, nimwite Bi Kurasa. D, mama achukue begi.

Nikasema C. Sikufikiri hata kidogo.

Bi Kurasa kaja na kanga yake moja begani, hana hata kitabu. Nikadhani atamchukua mtoto. Hakumgusa. Kaniambia mama ni wewe, fanya wewe, mimi nitasema. Kwanza akanirudisha kwenye bomba nikanawe mikono. Nikanawa. Akaniuliza sabuni iko wapi. Nikarudi. Nikafinya ngozi ya tumbo la Kishindo kidogo nione inarudi haraka au polepole. Ikarudi haraka. Nikatazama macho, hayajazama. Nikachanganya ile pakiti ya unga wa chumvi na sukari kwenye maji yaliyochemshwa, pakiti nzima, siyo kwa kukadiria. Kijiko kimoja. Akatapika. Nikalia. Bi Kurasa kasema lia lakini kijiko usikiweke chini, subiri kidogo, halafu mpe tena, polepole zaidi. Na ziwa mpe kila akilitaka. Na macho yakizama, au akikataa kunywa, au akilegea, hatukai hapa, tunakimbia naye kliniki.

Tulikaa sakafuni mchana kutwa, kijiko baada ya kijiko. Nikawa namfinya tumbo, natazama macho, nanawa, naanza tena. Baba Kishindo kazi yake ikawa nepi, na kaifanya bila kuomba machaguo.

Jua likielekea kuzama Kishindo akaninyang'anya kijiko, akampiga nacho bibi yake gotini. Kisha akalala, mkono sikioni kwangu. Baadaye mama mkwe kasema kijiko ninajua kukishika. Kaenda zake. Begi kaliacha nyuma ya mlango, kwa hiyo bado tunangoja.

Siku nzima imepotea. Sijajibu hata swali moja.

Jumatano, 12 Juni

Mtihani.

Asubuhi maandishi. Nimefungua karatasi, moyo ukatulia. Wote walikuwepo, mzee wa bafuni, mjamzito, dereva. Nikawasalimia kimoyomoyo. Kisha nikaona wamebadilishiwa majibu nafasi. Dereva, D yake iko B. Au A. Sikumbuki ilikuwa inasemaje, niliijua kwa herufi tu. Huu ni ukatili. Nikarudi kwenye misingi: C, na penye shaka, refu.

Bi Kurasa alikuwa mbele yangu anaandika kwa utulivu wa mtu anayeandikia ndugu zake barua.

Mchana vitendo. Chumba, meza, bomba, na mwanasesere wa plastiki ndani ya shuka. Msimamizi ni mzee mmoja, miwani kaifunga kwa uzi. Akasema mtoto huyu anaharisha na kutapika tangu asubuhi, endelea. Nikamwambia shikamoo, naomba machaguo. Akaniangalia juu ya miwani. Akasema marahaba, hakuna machaguo, mama, kuna mtoto.

Nikamtazama yule mtoto. Mdomo mkavu, plastiki. Kichwani hamna kitu, hata C haikuja. Mikono ikaenda yenyewe kwenye bomba. Ikachukua na sabuni. Nikamfinya tumbo, nikatazama macho, nikachanganya pakiti nzima, nikashika kijiko. Msimamizi akasema sasa ametapika. Nikamjibu ndiyo baba, atatapika, tunasubiri kidogo tunampa tena. Akauliza na lini utaomba msaada wa daktari. Nikamtajia zile dalili tatu. Nikasema na hapa ningemnyonyesha, nikashika kifungo cha blauzi. Akasema upesi sana kwamba inatosha kutaja.

Kabla sijaondoka nikamlaza yule mtoto begani, nikaupandisha mkono wake kwenye sikio langu. Mazoea tu. Msimamizi akaandika kitu kirefu. Nimeharibu.

Nyumbani nimezifua nguo zote za Kishindo. Nimezikunja. Sikuzitia kwenye begi.

Ijumaa, 14 Juni

Matokeo yamebandikwa ukutani. Nimesoma kuanzia chini, kwa uzoefu. Sikuwa chini kabisa.

Maandishi nimepita kwa kuchubuka mbavu. Vitendo nimewashinda wote, hata Bi Kurasa. Ukijumlisha, leseni ninayo. Kliniki ya watoto, zamu ya mchana, kuanzia Jumatatu. Sista Mkuu kanipa mkono, nami nikamkumbatia na ndoo yangu mkononi. Maji yamemwagika. Tumepiga deki wote wawili.

Baba Kishindo kampigia mama yake. Mama mkwe kasema basi godoro analileta huku, mtoto asilale pabaya, na begi nimwekee. Nimelia kidogo jikoni. Ni mwanamke mwema, akiwa mbali.

Bi Kurasa naye kafaulu. Kaja anacheka, kasema leseni yangu nusu yake ni ya Kishindo. Sijamwelewa, mtoto hajui hata kusoma. Nadhani bado ana kinyongo cha yale matokeo ya vitendo. Kanikaribisha kwenye kitabu cha daraja linalofuata, mtihani ni mwakani, kinene kuliko cha kwanza. Nimemshukuru, nikamwambia nina njia yangu.

Maana nimekaa nimepima yote. Jumapili, mtoto anaumwa, kichwa kimegoma, nilichagua nini? C. Yote yametoka pale.

Kishindo kalala mapajani, kashika sikio. Nimepakua maswali mapya kwenye simu, nimefungua la kwanza. Mtoto wa mwaka mmoja anaharisha na kutapika, utafanya nini kwanza. A, utanawa mikono.

Nimecheka peke yangu. Nimebonyeza C.