Kilele Hakipokei Miadi

Jumatatu, tarehe 6 Juni

Nimefika mlimani. Masikio yalizibuka kona ya mwisho kabisa. Baridi! Pumzi inatoka mdomoni kama nimemeza jiko. Nimepumua bure bure mpaka kizunguzungu.

Shangazi yangu, dada yake baba, ana nyumba ya wageni juu kabisa. Vyumba vichache, mablanketi mazito kama mahubiri, veranda ya mbao inayotazama bonde. Nyumba nyingine za wageni ziko chini yake, zimejipanga mteremkoni kama watu wanaosubiri kupigwa picha. Misonobari imeota ndevu za kijani. Barabara inajikunja huko chini kama utepe ulioanguka. Ng'ambo ya bonde kuna kilele. Wanasema. Mimi nimeona ukungu tu.

Sasa kazi. Kijana aliyekuwa akiongoza wageni ameoa, kahamia kwa wakwe. Nafasi iko wazi. Shangazi ametuweka wawili kwenye majaribio: mimi, na mpwa wa marehemu mume wake. Huyu namwita Chuo, kwa sababu amesomea utalii na hachoki kututajia. Jumapili Shangazi anachagua mmoja. Atakayeshindwa anashuka. Kwangu kushuka maana yake karakana ya baba ya kuchomelea mageti: joto, cheche, na baba mwenyewe. Nyusi zangu zimeshaungua. Sishuki!

Chuo kanipa mkono, kaniuliza nimesomea wapi. Nikamwambia shule niliiacha mimi, haikuniacha yenyewe. Akasema pole. Pole ya nini?

Jumanne, tarehe 7 Juni

Nimefundishwa sheria kuu ya huku. Uani kwa Shangazi, kwenye nguzo, kinaning'inia kipande cha reli. Kilele hakipokei miadi. Kinaweza kujificha siku nzima, halafu kikajitokeza wewe ukiwa chooni. Kwa hiyo anayekiona kwanza anagonga chuma, na nyumba zote za mteremkoni zinasikia. Chuma kikilia, kila mtu anaacha alichoshika. Mpishi anaacha sufuria. Mgeni anatoka na taulo. Hakuna wa kuuliza. Shangazi anasema tangu aolewe hapa hakijagongwa kwa uongo. Nimeinamisha kichwa kwa heshima. Moyoni nikasema, kumbe mtu anaweza kukusanya mlima mzima kwa nyundo moja!

Wageni wetu ni hawa. Bwana Kamera, mwenye kamera ndefu kama bomba la moshi. Maharusi, wanaotazamana tu. Mlima ungeanguka wasingejua. Na Bibi Mkunga, mstaafu, fimbo mkononi, macho yenye ukungu wake mwenyewe. Wiki ijayo anapasuliwa, na madaktari hawajamwahidi kitu. Amefanya kazi upande wa pili wa mlima maisha yake yote, akizalisha. Kaniambia, "Mjukuu wangu, mgongo wake naujua kama wangu. Nimekuja kuuona uso." Anaondoka Jumamosi.

Mchana tuliwapeleka kwenye maporomoko ya maji. Chuo akaanza na umri wa mawe. Bwana Kamera akapiga miayo, nikaona tonsili. Nikatangaza kwamba wanaojipenda wanifuate, najua njia ya mkato. Sikuijua. Ila nina pua ya njia. Pua ikatupitisha katikati ya kamba za nguo za jirani, na bwana harusi akatokea upande wa pili na shuka la watu kichwani. Bibi Mkunga akasema amezalisha wengi lakini bi harusi mwenye masharubu ndiye wa kwanza kumwona. Nilicheka mpaka nikateleza, nikafika wa kwanza, kwa makalio.

Lakini hayo maporomoko! Maji yanajirusha kutoka juu kabisa kama hayana mama, na yakifika chini yamekuwa vumbi. Kuna upinde wa mvua mdogo pale, wa kwako peke yako. Ukisogea, unasogea nawe. Kwa muda mzima nilisahau kujisifu. Nimejishtukia.

Jumatano, tarehe 8 Juni

Chuo ameniwahi. Kawaketisha wageni chini ya misonobari kuwaonyesha ndege, na wakamsikiliza! Hata Maharusi! Mimi niliachwa na vikombe.

Nikafikiri. Huwa nafikiri vizuri mikono ikiwa na povu. Nikatoka uani. Ukungu mzito, huoni hata kuku. Nikatwaa nyundo, nikagonga. Mpango ulikuwa hivi: waje mbio, mimi niwaambie, aah, poleni, kimejifunga sasa hivi, mmecheleweshwa na ndege wa Chuo. Safi kama maji ya chemchemi.

Wakaja. Bwana Kamera mbele, Maharusi wameshikana mikono, Chuo na kitabu chake cha ndege. Nikafungua mdomo niseme aah. Nikaona macho yao yanatazama nyuma yangu, yanakuwa makubwa. Nikageuka.

Ukungu ulikuwa umepasuka! Bega zima la mlima, jeusi, linang'aa kwa maji, na mstari wa theluji juu yake mwembamba kama chaki. Kisha pazia likarudi. Bibi Mkunga akafika akihema, fimbo imejaa matope, akaona weupe tu. Akaniuliza kilikuwaje. Nikamweleza kwa mikono yote miwili. Akasema nina mdomo mzuri, lakini hakupanda mpaka huku kuja kuangalia mdomo.

Bwana Kamera kanishika bega, anataka kujua niliujuaje wakati wenyewe. Nikamwambia ni kipaji. Chuo kanitazama kwa muda mrefu.

Alhamisi, tarehe 9 Juni

Sasa mimi ni mtabiri. Mkuu wa Mawingu. Nimetembea siku nzima nikiwa nimelowesha kidole na kukiinua juu. Naweka sikio kwenye msonobari, natikisa kichwa, nasema hmm. Bwana Kamera ananifuata na maswali. Bi harusi kaomba kesho kuwe na jua la kupigia picha. Nikasema nitaangalia.

Chuo kanivuta pembeni, kaniuliza kwa adabu nilipima nini, joto au upepo. Nikamwambia, kaka, haya hayafundishwi darasani. Akaandika!

Jioni nikaenda na Bibi Mkunga mpaka kwenye uzio. Bonde lote lilikuwa la bluu, tabaka juu ya tabaka, kila kilima kimefifia kuliko kilicho mbele yake, na taa za nyumba za wageni zinawaka moja moja mteremkoni. Yeye aliona taa tu, akasema zinatosha. Nikamwahidi kesho, wakati wa chai ya asubuhi, nitamfungulia kilele. Nilitumia neno hilo hilo, nitakufungulia. Akasema basi niweke kiti chake mahali pazuri.

Na kwa nini nisiweze? Nimelichunguza jambo hili kisayansi. Jana, kabla sijagonga, kilele kilikuwa kimefungwa. Nilipogonga, kikafunguka. Watu wa huku miaka yote wanangoja kifunguke ndipo wagonge. Wamelishika jambo kinyume!

Ijumaa, tarehe 10 Juni

Nimegonga. Hakuna kitu.

Nimegonga kwa nguvu zaidi. Ukungu umeongezeka, naona kama kwa makusudi. Nikagonga taratibu, kwa kubembeleza. Nikagonga nikiwa nimefumba macho.

Wakaanza kupanda watu wa mteremkoni. Kwanza bwana mmoja mwenye povu shavu moja na ndevu shavu la pili. Kisha mpishi wa nyumba ya chini, kabeba mkate mweusi kama kiatu, akaniwekea mkononi bila salamu. Kisha mama mmoja aliyetoka kitandani na pajama za mumewe, na mume nyuma yake bila pajama, kajifunga pazia. Wote wananitazama mimi. Nikawaambia wasogee kidogo, wanaziba hewa.

Shangazi akatoka. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Kaninyang'anya nyundo, kaitia kwenye mfuko wa aproni, kasema, "Wewe mtoto, chuma hiki watu wanakiamini kuliko saa zao. Ukikigusa tena, kwa lolote, unashuka siku hiyo hiyo. Na baba yako nitampigia mimi mwenyewe." Chuo akaangalia viatu vyake. Nilimchukia zaidi kwa kutocheka.

Bibi Mkunga alikaa kwenye kiti chake na blanketi mpaka chai ikaganda utando. Hakunisema. Alisema tu, "Basi, mjukuu wangu, hata mgongo wake ulikuwa mzuri." Akaniomba mkono nimwinue.

Sijala mchana. Chakula cha jioni nilikula, ila bila kufurahia. Nyongeza pia sikuifurahia.

Jumamosi, tarehe 11 Juni

Naandika mkono unauma.

Asubuhi gari la mtoto wa Bibi Mkunga lilikuja. Nikapakia mizigo. Shangazi akaenda nyumba za chini kuomba radhi, nyumba kwa nyumba, kwa ajili yangu. Chuo akawapeleka waliobaki msituni. Gari likaanza kushuka. Mimi nikabaki uani nasugua kikaango.

Nikainua kichwa. Kimefunguka.

Si bega. Chote! Sijui niandikeje. Ukungu ulikuwa umelala bondeni kama maziwa kwenye bakuli, na juu yake mlima umekaa peke yake, hauna haraka na mtu. Theluji ya waridi upande wa jua, ya bluu upande wa kivuli. Nyufa zote zinaonekana, kama mikunjo ya uso wa mzee anayetaka kucheka. Nilitamani kumwambia mtu. Hapakuwa na mtu. Kona ya pili chini niliona paa la gari, dogo kama kibiriti, linazidi kwenda.

Nikaita. Sauti ikafa kwenye misonobari. Nikakimbia mpaka getini, nikaona siliwahi. Nikatazama chuma. Nikakumbuka karakana, baba, nyusi. Nikasema moyoni, hayanihusu, mimi nasugua kikaango.

Nyundo sikuwa nayo. Kikaango nilikuwa nacho.

Nimegonga mpaka mpini ukapinda! Na chini huko lile paa likasimama. Nikaona kitone cha kijani, kitambaa cha kichwa cha Bibi Mkunga, kinatoka garini, kinageuka. Hakikusogea tena. Kilisimama pale pale mpaka pazia lilipofungwa, na mimi nikagonga mpaka mwisho, ingawa haikuwa lazima.

Watu wa mteremkoni nao walitoka. Yule bwana wa ndevu alikuwa amenyoa zote. Chuo na wageni wakaja mbio, na Bwana Kamera akapiga picha huku analia, kisha akagundua hajatoa kifuniko. Shangazi alipanda mwisho, mkono kwenye aproni, ameishika nyundo yake. Aliutazama mlima kwanza. Kisha akaniuliza nani kagonga. Nikamjibu ni upepo. Akakitazama kikaango.

Gari likarudi. Bibi Mkunga akashuka, akaja moja kwa moja kwangu, akanishika mashavu kama anapima homa. Mwanawe alikuwa amemwambia asisimame, ni yule mwongo tena. Akamjibu kwamba huyo mwongo amekatazwa, na mtu hajifukuzishi kazi kwa ajili ya utani. Kisha akamgeukia Shangazi. "Dada, nimemwona. Ana uso mpana. Sasa huyu wako usimshushe leo, nimeshachoka kusikia watoto wakilia."

Shangazi kasema ataamua kesho, kama alivyopanga. Nimeficha viatu vyangu. Bila viatu hawawezi kunishusha.

Jumapili, tarehe 12 Juni

Kazi ya kuongoza wageni kapewa Chuo. Haki ilitendeka, anasema Shangazi. Bibi Mkunga kaahidi kuleta wakunga wenzake wastaafu, kundi zima, jicho likipona au lisipopona.

Mimi sishuki! Narudia, sishuki! Nimepewa uani, kuni, vyombo, na kuulinda mlima. Nakaa kwenye benchi nautazama. Kukigonga chuma ruhusa ipo, ila niite kwanza shahidi mwenye akili timamu. Watu wengine wangeita hiyo adhabu. Mimi naita Mkurugenzi wa Mlima. Leo nimekaa kutwa. Hakikufunguka hata kidogo, na bado sikuona mahali pengine popote ambapo ningependa kukaa. Wingu liliingia mpaka kwenye kikombe changu cha chai. Nikalinywa.

Shangazi kaniuliza kama nimejifunza kitu. Nikamwambia mengi sana. Akataka nimtajie moja. Nikamwambia yako mengi, sijui nianze lipi.

Kesho wanakuja wageni wapya, na nimewaza jambo. Mahali pazuri kama hapa panakosa kitu kimoja tu, mwangwi. Nimejaribu bonde zima, ukiita haliitikii, ni bonde lenye majivuno. Kwa hiyo nimezungumza na Chuo. Yeye atawapeleka wageni ukingoni, mimi nitakuwa nimejificha kwenye majani ng'ambo, nawarudishia maneno yao. Chuo mwanzoni alikataa, akasema si kweli. Nikamwambia mwangwi wenyewe ni nini kama si mtu kurudia? Akafikiri. Akakubali, ila akauliza, je, mgeni akipiga kelele kuuliza kama kuna mtu kule?

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, hilo nimeshalifanyia kazi. Nitajibu kwa sauti kubwa kwamba hakuna.