Kindi Atakayeitwa kwa Jina Langu

Jumatatu, 1 Mei 1820. Mto Missouri.
Siku ya tano tangu tumwache kapteni wa msafara wetu na wenzake kule juu ya mto, waendelee kuvumbua nchi. Mashua yetu inateremka na ngozi, pembe, ndege wanne wenye mikia mirefu, na kindi wa mashimoni anayebweka kama mbwa. Vyote vya wataalamu wa viumbe kule Philadelphia. Mlinzi wa kindi: mimi, Jotham Peck. Nasikia mnyama mpya hupewa jina la mtu. Basi awe Kindi wa Peck! Nimeandika kikaratasi, nimekifunga kwenye tundu. Gaboury, mpiga kasia anayelisha ndege, amekisoma, akacheka mpaka kasia likamponyoka.

Jumatano, 3 Mei.
Kindi kagoma kula. Kwangu tu! Gaboury akimpa mahindi ya kuchemsha, anakula kwa mikono miwili. Akaniuliza ati, "Bwana mkubwa, mbona mwanao hakutaki?" Nina mpango. Nitamfundisha kubweka kila asikiapo jina langu.

Alhamisi, 4 Mei.
Somo la kwanza. Nilifungua tundu ili tuelewane. Kaning'ata kidole, kapotelea kwenye marobota ya ngozi. Sajini Lovell, mkuu wa mashua, akauliza nani kafungua. Nikasema ndege wa Gaboury wana midomo mirefu, hata komeo wanafungua.

Ijumaa, 5 Mei.
Robota moja limebweka. Gaboury akakaa na mahindi yake, akabembeleza kwa Kifaransa, mnyama akatoka akamkalia mapajani. Sajini akasema ndege wale jana walikuwa wamefunikwa turubai kutwa. Halafu: "Peck, watu wawili walizama kule juu wakimtafuta huyu, kabla hatujampata. Usimguse tena." Niliona haya, kusema kweli. Mpaka chakula cha mchana.

Jumatatu, 22 Mei. Saint Louis.
Karani wa wataalamu kapokea mizigo. Kindi yu hai, tena mnene. Kauliza nani kamtunza. Sajini akamwonyesha Gaboury, jina likaandikwa. La Gaboury! Mimi nimeambiwa nikung'ute ngozi. Lakini ndani ya ile ya dubu nimekuta wadudu weusi, wadogo, wanatafuna manyoya kwa bidii. Hakuna aliyewaandika! Nimewatia ishirini kwenye kopo la ugoro: Mdudu wa Peck. Nimeliweka juu ya marobota mazima, yasiyo na mdudu bado, kifuniko wazi kidogo. Wapate hewa.