Mashine ya Kikombe Kimoja

(Hotuba ya Naibu Mkurugenzi Msaidizi Mstaafu wa Mizani na Vipimo, iliyotolewa sebuleni kwake asubuhi mbele ya mkewe, binti yao mdogo, shemeji yake, na fundi cherehani wa nyumba ya pili aliyekuja kurudisha pasi. Nje, teksi inasubiri.)

Mheshimiwa Waziri wa Mambo ya Ndani ya nyumba hii na maeneo yote yanayoizunguka ikiwemo kamba ya kuanikia nguo, mke wangu. Mheshimiwa Shemeji, balozi wa ukoo wa upande wa pili, ambaye ameendelea kuuwakilisha ukoo wake katika chumba chetu cha wageni bila kuchoka na bila dalili ya kuhamishwa kituo. Mheshimiwa Kitinda Mimba, kiongozi wa vijana na msimamizi mkuu wa simu yake. Ndugu Fundi Cherehani, mwakilishi wa sekta binafsi. Ndugu Dereva wa teksi, ambaye yuko nasi kwa njia ya honi. Mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa, na kama kuna yeyote niliyemsahau basi ajihesabu kuwa ametajwa na akae chini.

(Fundi, aliyekuwa amesimama mlangoni na pasi mkononi, anakaa.)

Awali ya yote, na kabla ya yale yatakayofuata baada ya awali, napenda kuchukua fursa hii adhimu kumshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutujalia uzima, na kwa namna ya pekee kumpongeza kifungua mimba wetu, ambaye jana, huko mjini kwake, amejifungua salama mtoto wa kike, hatua iliyompandisha cheo Mheshimiwa Waziri kuwa bibi na mimi kuwa babu, uteuzi ambao kwa mara ya kwanza katika historia yangu ya utumishi nimeupata bila kumpigia mtu simu.

(Makofi. Shemeji anapiga kigelegele. Honi inalia.)

Asanteni, asanteni. Nimesikia pia mchango wa Ndugu Dereva.

(Mke: “Baba watoto, fupisha. Basi halitaningoja stendi.”)

Mchango huo umepokelewa na utafanyiwa kazi. Mheshimiwa Waziri, ndugu wajumbe, mtakumbuka kwamba habari za ujauzito huu zilipotufikia, Waziri alitoa tamko, akiwa amesimama hapo hapo alipo sasa na kitambaa hicho hicho kichwani, kwamba mtoto akizaliwa yeye atakwenda kumwangalia mama yake mpaka mtoto akaze shingo, lakini kwamba, nanukuu, “sitoki humu ndani mpaka nijue nani atakupikia kahawa asubuhi, wewe baba,” mwisho wa kunukuu, tamko lililotokana na ukweli unaofahamika kitaifa kwamba katika ndoa yetu yote sijawahi kuwasha jiko, isipokuwa siku ile ya pazia.

(Kicheko kirefu cha Shemeji.)

Suala la pazia lilishafungwa, Mheshimiwa Balozi, na pazia jipya ni zuri kuliko lile. Nilichosema siku hiyo, na ninakirudia leo nikiwa na akili zangu timamu, ni kwamba nyumba hii itaingia katika zama za teknolojia kwa kujipatia mashine ya kisasa ya kahawa ya kapsuli, ile inayotoa kikombe kimoja kimoja, ambapo mtumiaji anatumbukiza kijikopo chenye kahawa, anabonyeza kitufe, na kabla hajamaliza kupiga miayo kahawa imeshatoka, hakuna kupima, hakuna kuchemsha, hakuna kupigiwa kelele kutoka bafuni kwamba imefurika jikoni. Kwa maneno mengine, Mheshimiwa Waziri angekuwa huru kusafiri, nami ningebaki hapa ninajitegemea.

Sasa, mtu asiye na elimu ya utawala angekwenda dukani akanunua. Sisi tuliunda Kamati.

(Fundi anapiga kofi moja, anaangalia huku na huku, anaacha.)

Kamati ya Kuamua Iwapo Mashine Inafaa Kununuliwa, chini ya uenyekiti wangu, ilipewa hadidu za rejea, ikagawanyika katika Kamati Ndogo ya Soketi, Kamati Ndogo ya Maji na Kamati Ndogo ya Mahali pa Kuiweka, na ikafanya fizibiliti stadi, yaani upembuzi yakinifu wa kina, kwa kuwashirikisha wadau wote, ambapo asilimia mia moja ya waliohojiwa walisema wanapenda kahawa iletwe pale walipokaa, na wengi wao, yaani mimi nikiwa na njaa, walipendekeza ije na mkate. Takwimu zinaonyesha kwamba unywaji wa kahawa katika nyumba hii umepanda kwa asilimia arobaini na mbili nukta sita tangu nilipostaafu, ukilinganisha na kipindi kama hicho nilipokuwa nikinywa kazini.

(Shemeji: “Shemeji, hiyo nukta sita umeitoa wapi?”)

Nukta sita ni wewe, Mheshimiwa Balozi, tangu ulipowasili.

(Kicheko. Hata Kitinda Mimba anainua macho kwenye simu.)

Tukasema hapana, utafiti wa kukaa kitini hautoshi, lazima twende uwandani. Kamati ikapata taarifa za uhakika kwamba mashine ya aina hii ipo katika chumba cha kungojea cha daktari wa meno, kule nyuma ya benki, na mimi, bila posho, bila gari la serikali, nikaenda kwa miguu, nikaketi kwenye kiti cha plastiki mbele ya mashine hiyo nikiikagua kwa jicho la mtaalamu wa vipimo. Ni mashine ndogo, nyeusi, yenye heshima. Ilikuwa na karatasi imebandikwa usoni, imeandikwa MBOVU. Lakini kabla sijamaliza kuchukua maelezo, dada wa mapokezi akaniita, na kwa kuwa sikuweza kutoboa siri za Kamati mbele ya wagonjwa, nikaingia kwa daktari, na kwa kuwa sikuweza kumweleza daktari kwamba siumwi, nikafungua mdomo.

(Mke: “Kumbe lile jino!”)

Jino hilo, Mheshimiwa Waziri, lilikuwa zima. Nililitoa kwa ajili ya maendeleo, na ningeombwa tena ningetoa la pili, ingawa si la mbele.

(Makofi ya nguvu kutoka kwa Fundi. Mke anatikisa kichwa na kuketi juu ya begi lake.)

Naomba sasa niingie kwenye kiini. Je, mashine inafaa kununuliwa? Wapo wanaosema ndiyo. Inaokoa muda, na mimi kama mstaafu nina muda mwingi unaohitaji kuokolewa. Haihitaji ujuzi. Haihitaji kiberiti, jambo ambalo wapenda mapazia watalifurahia. Kikombe cha leo kina ladha ileile ya kikombe cha jana, tofauti na kahawa ya birika ambayo, bila kumtaja mtu, siku tukikosana huja nyepesi kama maji ya kuoshea mchele, na siku tukipatana huja nzito na moto, na mtu anajua hali ya hewa ya nyumba kabla hajafungua mdomo.

(Shemeji: “Anakusema wewe, dada.” Mke: “Najua.”)

Lakini wapo pia wanaouliza maswali, na katika utawala bora maswali huheshimiwa. Soketi ya jikoni ni moja na inakaliwa na friji, kwa hiyo kila asubuhi itabidi friji izimwe ili Mheshimiwa Mwenyekiti anywe, na hilo lina athari kwa maziwa. Kapsuli haziuzwi kwa muuza duka wa hapa kona, nilimuuliza, akadhani ni dawa, akaniuliza ninaumwa nini. Kila kikombe kinaacha kijikopo kitupu cha kutupa, na Kamati Ndogo ya Mahali pa Kuiweka haikuwahi kupata mahali pa kukiweka. Umeme ukikatika, mashine inageuka pambo la nyumba. Na kuna suala nyeti la wageni. Wajumbe, hebu pigeni picha. Wakwe wamekuja, wamejaa kochi zima na viti vya fundi vya kuazima. Kahawa ya kwanza inatoka, unampa mkwe mkubwa. Unatumbukiza kijikopo kingine, unabonyeza, unangoja, unampelekea wa pili. Ukifika kwa wa mwisho, yule wa kwanza ameshamaliza, ameaga, amefika kwake, na anasimulia kwamba kwetu kahawa hutolewa kwa foleni kama kitambulisho.

(Kicheko. Honi inalia, ndefu.)

Hivyo basi, kwa kuzingatia faida hizo, na kwa kutopuuza changamoto hizo, na katika muktadha mpana wa mnyororo mzima wa thamani wa kahawa kutoka dukani hadi kinywani, Kamati imeona kwamba mashine inafaa, endapo itafaa, na kwamba utekelezaji uko katika hatua za mwisho za kuanza kuelekea mwanzo.

(Mke anasimama. “Mume wangu. Mtoto wangu amejifungua jana, yuko peke yake na mume asiyejua hata kumbeba mtoto. Umeniambia mwezi baada ya mwezi mashine inakuja. Leo naondoka. Mashine ipo au haipo?”)

Swali zuri sana. Swali la kiwaziri. Litajibiwa kwa maandishi.

(Mke: “Baba watoto!”)

Naelekea mwisho, naelekea mwisho. Kabla sijahitimisha, naomba wote tusimame kwa kaulimbiu ya mradi. Nikisema “Kikombe kimoja,” mnaitikia “Tija tele.” Kikombe kimoja!

(Fundi, peke yake: “Tija tele!”)

Sijawasikia. Mashine yetu!

(Kitinda Mimba, bila kuinua macho: “Maendeleo yetu.”)

Kikombe kimoja, mtu mmoja! Kikombe kimoja, mtu…

(Msemaji anavua miwani, anaifuta kwa ncha ya tai, anaivaa tena.)

Kaulimbiu hii haikupitishwa na Kamati. Naomba ifutwe kwenye kumbukumbu za kikao.

Ndugu wajumbe, nimalizie kwa shukrani. Nimshukuru kwanza Mwenyekiti wa Kamati, ambaye katika kipindi chote hiki hakuwahi kuitisha kikao hata kimoja. Nizishukuru Kamati Ndogo, ambazo zilikuwa mimi nikiwa kitandani nikiangalia dari. Nimshukuru kwa dhati mwenye duka la vifaa vya umeme, ambaye kila nilipoaga hapa kwamba naenda kwake kufuatilia, hakuniona, kwa sababu nilikuwa nikifika sokoni nazunguka vibanda vya nyanya mara kadhaa, nasalimia watu, narudi nyumbani na ripoti. Sijui bei yake. Sijui inauzwa na kapsuli au bila kapsuli. Nilichokuwa nikijua ni kimoja tu, kwamba siku mashine itakapokaa juu ya ile meza, wewe utabeba begi lako na kuondoka ukiwa na amani ya moyo, na mimi nitaamka asubuhi, nitabonyeza kitufe, na kitatoka kikombe kimoja.

(Mke anarudi kuketi juu ya begi lake.)

Na mimi, mama watoto, naiogopa hiyo asubuhi. Ndiyo hivyo. Nimestaafu ofisi, ofisi imenisahau, nikasema haidhuru, ipo saa ile ya alfajiri unapokuja na birika tunakaa wawili hatusemi kitu. Nikaona bora nikucheleweshe kwa michakato, ndiyo kazi pekee ninayoijua vizuri. Nimekukosea wewe na mtoto wetu. Nenda, mke wangu. Usiangalie nyuma. Mimi nitakunywa maji.

(Shemeji anapenga kamasi. Mke anamgeukia binti yao: “Mletee baba yako begi lile la safari za kikazi. Mtilie na sweta.” Kisha kwa mumewe: “Jino zima! Mtu mzima unang'olewa jino zima! Unakwenda na mimi. Ila sikiliza, kule mimi nitakuwa na mtoto mikononi. Mzazi, mumewe, mama mkwe wake akija, na wageni wote wanaokuja kuona mtoto, kahawa yao utapika wewe. Kwa birika.”)

Mheshimiwa Waziri… ndugu wajumbe… naupokea uteuzi huu kwa unyenyekevu mkubwa, na naahidi kuutumikia kwa nguvu zangu zote, kwa uadilifu, na mbali kabisa na mapazia.

(Makofi. Vigelegele. Fundi analibeba begi la mke hadi kwenye teksi. Dereva anafungua buti.)

Asanteni sana kwa kunisikiliza. Fundi, funga geti. Shemeji, nyumba ni yako, kama kawaida. Naja, naja, Ndugu Dereva! Mama watoto, ngoja kidogo, jambo moja tu, la kitaalamu, ili niwe nimejiandaa kabla hatujafika kwa watu: yanatangulia maji, au inatangulia kahawa?