Imla Isiyo na Kosa

Jumatatu, 6 Mei
Uongo wangu wa miaka miwili umenifikia mlangoni. Solange, mjane mwenye duka la mikate, mwanamke ambaye nanunua kwake hata nikiwa na mkate nyumbani, ameniandikisha kwenye shindano la imla. Jumamosi, ukumbi wa manispaa. Anasema aliyekuwa msahihishaji wa gazeti huko Lyon hana sababu ya kujificha. Ni mimi niliyemwambia hivyo. Gazeti lenyewe nililisambaza kwa baiskeli. Akijua, nimempoteza.

Jumanne, 7 Mei
Nimejaribu kujifunza. Kifaransa chetu hiki! Neno lina herufi nane, mdomo unatamka nne, nyingine zimekaa kimya kama wajumbe wa baraza la mji. Nani aliziajiri? Nimefunga kitabu. Lazima ipo njia fupi.

Jumatano, 8 Mei
Gilles, karani wa manispaa, ndiye anayechapa imla. Leo sikukuu, nimemkuta bustanini kwake. Nimempelekea bakuli la nyama ya sungura, mapishi yangu. Kaahidi kuniletea nakala kesho. Akaonja, akasema, "Nakala hiyo hukuipata kwangu, Bwana Anselme. Na kitunguu saumu umezidisha." Mkosa adabu.

Ijumaa, 10 Mei
Aya zote nne za nakala ya Gilles ziko kichwani. Nimeziandika mara thelathini na moja. Hakuna herufi bubu nisiyoijua ilikojificha. Nawahurumia washindani wenzangu.

Jumamosi, 11 Mei
Nilikaa kando ya Solange makusudi. Kwa desturi yetu majirani hubadilishana karatasi na kusahihishana kwa kalamu nyekundu, nami nilitaka aone kwa macho yake. Mwalimu Barthe, mstaafu, akasoma polepole, kila sentensi mara mbili, akitaja nukta na koma. Sikumsikiliza. Wa nini? Nilimaliza kabla yake, nikakunja mikono, nikatazama dirishani.

Tukabadilishana. Solange akasoma, akatabasamu, kisha akaacha kutabasamu. Akaniuliza kwa sauti ya chini aya ya tatu nimeisikia wapi. Mwalimu Barthe alikuwa ameiruka, kwa sababu ya joto na kwa kuwahurumia wazee. Nikajibu kwamba nina masikio makali. Hakucheka. Niliona aibu.

Jumapili, 12 Mei
Nimekwenda dukani. Nimekiri yote, hadi baiskeli. Solange akanifungia mkate taratibu. "Mimi nimekosa mara kumi na tisa, Anselme, na mkate wangu unaumuka vilevile," akasema. "Niandikie barua ya kuniomba radhi. Maneno yako mwenyewe, na makosa yako yote. Ukinakili tena, mkate ukanunue mji mwingine." Nimerudi nyumbani nikiimba. Ananitaka!

Jumatatu, 13 Mei
Barua. Nimekaa nayo tangu asubuhi. Sentensi ya kwanza ina maneno matano na manne sina hakika nayo. Mwanamke kama yule hastahili uchafu huu. Kwa bahati nimepata darini kitabu cha marehemu mama, cha barua za mfano kwa kila shughuli. Ukurasa wa arobaini: Kumwomba Radhi Bibi Mwenye Heshima. Nimeinakili yote, haijapungua hata koma. Kisha, kwa kuwa mimi si mzembe, nimetia makosa matatu ili aamini ni yangu. Yote matatu nimeyahakikisha kwenye kamusi, yasije yakawa sahihi.